Kasa akinasa kwenye jarife usikimbilie kumtupa majini

Watu wengi wakimtoa kasa kwenye wavu kitu cha kwanza ni kumsukumia baharini, wanaona si ni kwao huko, akirudi atapona mwenyewe, na hapo ndo wanammaliza bila kujua. Kasa hana matamvua, ana mapafu, anapumua hewa kama mimi na wewe. Akikaa amenaswa chini huko usiku kucha hawezi kupanda juu kuvuta pumzi, kwa hiyo asubuhi ukivuta jarife unamkuta kalegea, shingo imelala, macho yamefumba, unasema huyu kashakufa. Mara nyingine hajafa bado, kazimia tu, na ukimtupa akiwa kwenye hali hiyo anazama moja kwa moja.

Sasa fanya hivi. Mlaze kifudifudi, tumbo chini mgongo juu, usimgeuze chali hata kama ni rahisi kumshika hivyo, mapafu yake yako juu chini ya gamba na akilala chali matumbo yote yanayalemea. Halafu inua upande wa nyuma, chukua chochote kilichopo chomboni, kamba iliyokunjwa, gunia, tairi kuukuu, kiweke chini ya makalio mpaka nyuma iwe juu ya kichwa kwa sentimita 15 au zaidi, akiwa mkubwa unaongeza. Hapo maji yanaanza kutoka mapafuni yenyewe, usimbonyeze tumbo wala kumpulizia mdomoni. Kila baada ya muda mshike gamba pembeni umyumbishe pole pole, inua upande wa kushoto kama sentimita 8, shusha, inua wa kulia. Ukitaka kujua kama yupo mguse taratibu kwenye kope au mbinye mkia, akishtuka hata kidogo basi yupo. Mfunike na kanga iliyoloa maji ya bahari, pua iwe wazi, awe kivulini. Usimtie kwenye beseni la maji jamani, hata maji ya bahari, bado hawezi kuinua kichwa.

Afu unasubiri. Masaa manne ndo ya chini, inaweza kufika 24, na hapa ndo wengi wanashindwa maana jua limeshapanda, samaki wanaharibika, mwenye chombo anapiga simu kila dakika. Kama mko karibu na nchi mshusheni bandani, mwachieni mtu mmoja amwangalie, nyinyi nendeni mnadani. Akianza kuinua kichwa mwenyewe na kupiga mapezi kwa nguvu ndo mnamrudisha, injini imezimwa, nyavu haziko karibu, anashushwa taratibu kichwa mbele sio kurushwa. Masaa 24 yakipita na hajashtuka hata mara moja, huyo kafa.

Mambo ya mshipi na ndoano. Ukiona mshipi unaning'inia mdomoni au unatokea huku nyuma USIVUTE, narudia usivute, kwa sababu ule uzi ulishapita kwenye utumbo na ukivuta utumbo unajikunja kama kiuno cha suruali ya kamba, unamkata ndani kwa ndani. Acha kipande kirefu kidogo kibaki nje daktari akione, cha kuzidi kata, na umpeleke.

Yule anayeelea juu juu, upande mmoja umenyanyuka na kila akijaribu kuzama anarudi, huyo ni mgonjwa, mara nyingi kala plastiki na tumbo limejaa gesi. Ukimkuta na vidudu vingi vya gamba gumu vilivyoganda mgongoni (barnacle) ujue kaugua muda mrefu maana mzima hakai hivyo. Usivibandue kwa kisu, unang'oa na gamba. Usimpe chakula, usimpe maji, hata ngisi wako mzuri usimpe. Kumbeba ni kwa gamba, mmoja mbele nyuma ya shingo na mwingine nyuma, mapezi sio mpini, na vidole mbali na mdomo, anauma vibaya. Kwenye pikapu mweke juu ya tairi au godoro kuukuu, nguo mbichi juu, usimwekee barafu. Kumfuga nyumbani mpaka apone sahau, wengine wanahitaji miezi ya dawa na uangalizi, na isitoshe kukaa naye bila kibali ni kosa.

Kwa Kenya, Watamu wapo Local Ocean Conservation, wako na kazi hii tangu 1997 na wana hospitali ya kasa kabisa, sehemu nyingine anza na KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) au BMU ya kijiji, yaani kikundi cha usimamizi wa ufukwe. Tanzania kuna Sea Sense, shirika la kulinda kasa ambalo lina watu wake vijijini, au afisa uvuvi, na kisiwani Mafia waambie watu wa hifadhi ya bahari. Kabla hawajafika piga picha ya uso pande zote mbili, magamba ya shavuni wanayatumia kumtambua kasa, na angalia kwenye pezi kama kuna kibati chenye namba.

Watoto wa kasa wao sio yatima. Mama anataga mayai mia na zaidi, anafukia, anaenda zake, na baada ya kama miezi miwili wanatoka peke yao. Usiwabebe kwenye ndoo kwenda nao majini, zima taa za ufukweni, zuia mbwa na kunguru, waache watambae. Na yule mama ukimkuta usiku anatoka machozi hajaumia, anatoa chumvi ya mwilini tu, zima tochi na selfi yako uondoke.

Akiwa ameshakufa msigawane nyama. Machi 2024 kisiwa cha Panza kule Pemba watu 9 walikufa baada ya kula kasa, 8 kati yao watoto, na wengine 78 walilazwa hospitali, na sumu inayokuwemo kwenye nyama hiyo haiishi kwa kupika. Pima urefu wa gamba, andika namba ya kibati, toa taarifa, na wakishamaliza kumwangalia mfukieni juu kule maji makuu yasikofika.