Digrii ya Historia mkononi, fizikia moyoni: pa kuanzia ukiwa Malindi

Nilikuwa nikiwatembeza wageni kwenye Nguzo ya Vasco da Gama na digrii yangu ya Historia. Leo nafundisha fizikia. Anayeniuliza njia ya kuhamia fizikia, humwambia aweke kando fomu za uzamili, atoe kwanza cheti cha kidato cha nne.

Vyuo vyetu huangalia alama zako za KCSE, mtihani wa kidato cha nne, za Hisabati na Fizikia. Uliiacha Fizikia kidato cha pili? Jisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi, na uwahi, maana 8-4-4, mfumo wa elimu wenye mtihani huo, inafika ukingoni 2027. Karatasi ya tatu ni ya vitendo, kwa hivyo tafuta kituo chenye maabara ya maana.

Lakini mlango wenyewe ni hisabati. Usianze na vitabu vya mashimo meusi. Vinanogesha mazungumzo ya barazani tu. Tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la Kilindini, bandari ya Mombasa, uchore mwezi mzima kwenye karatasi ya grafu: saa chini, kina ubavuni. Utaona maji yakijaa mara mbili kwa siku, kila mzunguko saa 12 na dakika 25 hivi. Huo ni mvuto wa mwezi. Jua nalo lina mzunguko wake, wa saa 12 kamili. Sasa chora grafu mbili za sini zenye vipindi hivyo, uzijumlishe kwa mkono. Vilele vikikutana ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana; vikipingana ni maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo; na toka bamvua hadi bamvua utapata siku 14.8 hivi. Mvuvi yeyote wa Mayungu anajua hayo bila kalamu, ila wewe umeyafikia kwa trigonometria. Kisha jiulize ni saa ngapi maji hupanda kwa kasi zaidi. Si kileleni, ni katikati ya njia. Ukiweza kueleza kwa nini, kalkulasi umeshaianza.

Baadaye ingia mekanika, halafu umeme na sumaku. Masomo ya mtandaoni ya chuo cha MIT, MIT OpenCourseWare, ni ya bure, lakini fanya maswali. Kutazama video hakutoi jasho.

Nyumbani watasema umepoteza miaka. Watajie mwanafizikia Edward Witten: shahada ya kwanza Historia, 1971, kisha Medali ya Fields, tuzo kuu ya hisabati, 1990. Au Louis de Broglie, aliyeanza na historia akapata Nobel ya Fizikia 1929. Wewe mwenyewe usiwategemee sana hao. De Broglie alizaliwa kwenye ukwasi, wewe una karo ya kulipa. Panga fedha za miaka minne ya shahada ya fizikia kabla ya kuacha kazi.

Na ukiimaliza shahada hiyo, ipo ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia kule Trieste, Italia, iliyoanzishwa na Abdus Salam 1964. Ina stashahada ya uzamili kwa wahitimu wa nchi kama yetu. Hiyo ndiyo fomu ya kujaza, wakati huo.