Seftriaksoni: angalia unachoiyeyushia

Kichupa cha seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, cha gramu 1 ni unga tu; makosa huanzia kwenye kimiminika. Ya kuchoma msuli huyeyushwa kwa mililita 3.5 za lignokaini ya asilimia 1, kwa sababu bila ganzi inauma mno. Mchanganyiko huo usiingie kwenye mshipa hata tone: lignokaini huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ya mshipa tumia mililita 10 za maji ya sindano, kisha sukuma polepole, dakika 2 hadi 4.

Sasa dripu. Maji ya dripu ya Ringer lakteti yana kalsiamu, na ikikutana na dawa hii hutengeneza chembechembe zinazoweza kukwama kwenye mapafu na figo, hasa za vichanga. Mtu mzima: funga dripu, safisha mpira wote na kanula (kijineli kilicho kwenye mshipa) kwa salaini, ndipo uchome. Kichanga wa hadi siku 28 anayehitaji dripu yenye kalsiamu asipewe seftriaksoni kabisa.

Kabla ya kuvunja kifuniko uliza: penisilini, ndugu wa dawa hii, iliwahi kumvimbisha midomo au kumbana kifua? Kama ndiyo, simama, mwite daktari. Adrenalini, dawa ya kuokoa mzio mkali, iwe mezani, si kwenye kabati lenye ufunguo kwa mtu aliyeenda Kariakoo. Dozi yake kwa mtu mzima ni miligramu 0.5, msuli wa paja kwa nje. Mgonjwa abaki zahanati nusu saa. Sindano ya kuchomwa sebuleni na nesi mpita njia haina hata kimoja kati ya hivi.