Avebury kwa miguu: kaburi kwanza, kijiji baadaye

Mara ya kwanza nilikwenda Avebury, kijiji cha Uingereza chenye duara la mawe makubwa ya kale, na raba nyeupe. Zilirudi rangi ya udongo, na moja ilibaki topeni mpaka nikaichomoa kwa mikono miwili. Sasa mimi ni mwenyeji. Wageni wangu kutoka Mombasa nawapeleka huko kabla ya Stonehenge, yale mawe ya kale yenye sifa zaidi, kwa sababu mawe ya Avebury unayagusa, na hulipi kitu kuyaona.

Kutoka London panda treni Paddington hadi Swindon, kama saa moja, halafu basi namba 49. Ukishuka utayaona mawe hapo hapo. Yape mgongo kwanza. Fuata njia ya miguu kuelekea kusini, kando ya mto Kennet. Mshale wa manjano ni wa waenda kwa miguu. Wa buluu, farasi na baiskeli nao wamo. Utapita kwenye shamba la mtu na ni haki yako kisheria, mradi usiiache njia. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ng'ombe wenye ndama wazungukie mbali. Wakati wa baridi vaa gambuti, maana mto hufurika njiani.

Kulia kitainuka kilima cha Silbury, kama mita 30, kilichorundikwa na watu miaka 4,400 hivi iliyopita. Kimechimbwa mara kadhaa na hakuna kaburi lililopatikana ndani. Kukipanda ni marufuku, hata ukiona nyayo za wakaidi.

Vuka barabara ya A4 kwa makini, panda taratibu hadi West Kennet. Hapa ndipo pa kukaa. Ni kaburi refu la mita 100, lina zaidi ya miaka 5,600, na humo yalikutwa mabaki ya watu wasiopungua 36, wazee kwa watoto wachanga. Usitarajie pango refu: vyumba ni vitano tu, karibu na mlango, kwingine kote ni chaki na udongo. Washa tochi ya simu. Mimi hupiga hodi kabla ya kuingia. Wageni wangu hucheka, lakini nao hupiga. Kisha tunakaa nje juu ya majani, chai ya themosi na mahamri.

Rudi kijijini, sasa uzunguke mawe. Tafuta jiwe la kinyozi: mwaka 1938 Alexander Keiller, mrithi wa mali ya jemu ya machungwa, alikuta chini yake mifupa ya mwanamume, na mkasi (ndio uliolipa jiwe jina), na sarafu za karne ya 14. Tazama na kuta za nyumba. Zamani wanakijiji waliyachoma mawe moto, wakayamwagia maji baridi yapasuke, wakajengea.

Ratiba ya basi la kurudi iangalie kabla hujatoka Swindon, hasa Jumapili, na beba soksi kavu za kubadilisha kituoni.