Unapiga mswaki na mdomo bado unanuka? Anzia nyuma ya ulimi

Kijana mmoja muuza viatu wa Kariakoo, ndugu wa jirani yangu, aliletwa kwangu akiwa ameshamaliza hela kwenye dawa za kusafisha tumbo. Aliambiwa tumbo lake chafu ndiyo maana mdomo unanuka. Akaharisha hadi akalegea, harufu ikabaki pale pale. Mimi ni tabibu wa meno, na wenye kisa kama chake wanakuja kila wiki, kwa hiyo naweka hapa utaratibu niliompa.

Kabla ya yote: katika watu kumi wanaonuka mdomo, takriban tisa shida yao imo kinywani humo humo. Mlango wa tumbo kwa juu hukaa umefungwa, hufunguka unapomeza au unapocheua. Wanaonukisha ni bakteria wasiopenda hewa, wanaojificha nyuma ya ulimi, katikati ya meno na chini ya fizi. Wanakula mabaki ya chakula na ngozi laini inayobanduka mdomoni, kisha wanatoa gesi za salfa, mojawapo ikiwa ile ya yai viza. Kwa hiyo ukinywa dawa ya tumbo, hao hawajui hata kama umekunywa.

Hatua ya 1: Jipime

Kuhemea kwenye kiganja hakukuambii kitu, pua yako imeshazoea. Lamba mkono karibu na kifundo, subiri sekunde kumi pakauke, nusa. Kisha kwangua nyuma ya ulimi kwa kijiko, nusa kilichotoka. Mwisho pitisha uzi wa meno kwenye magego, nusa uzi. Uzi ukinuka sehemu moja tu, hapo pana jino lililotoboka au fizi mbovu. Kijiko kikinuka, basi ni ulimi.

Halafu muulize mtu wa nyumbani asiyekuonea haya. Wapo wanaokuja kwangu hawanuki hata kidogo, wameingiwa na hofu tu kwa sababu abiria wa jirani kwenye mwendokasi alishika pua.

Hatua ya 2: Mswaki

Asubuhi na usiku, dakika mbili, dawa yenye floridi. Ukilazimika kuruka mmoja, usiruke wa usiku.

Hatua ya 3: Ulimi

Hapa ndipo wengi wanapokwama, maana wanasugua ncha ya ulimi, ambayo haina kosa. Utando uko nyuma, kule ambako ukigusa unataka kutapika.

Mimi napendelea kijiko cha chai kuliko mswaki. Mswaki unausambaza ule utando na kichwa chake kinene kinagusa kaakaa, ndiyo kichefuchefu chenyewe. Kijiko ni chembamba na kiko kila nyumba. Kiwe chako peke yako.

Fanya asubuhi kabla hujala. Toa ulimi nje, ushike ncha kwa kitambaa safi au tishu ili usirudi ndani. Geuza kijiko kifudifudi, kiweke nyuma kadiri unavyovumilia, kisha vuta kuja mbele polepole huku ukitoa pumzi kwa mdomo. Hiyo pumzi ndiyo siri: ukiibana, koo linakaba na unatapika. Siku za mwanzo ishia katikati ya ulimi, kisha kila siku sogea nyuma kidogo. Kijiko kitatoka na ute mzito, mweupe au wa njano. Kisuuze, rudia, mpaka kinachotoka kiwe mate tu.

Sasa tahadhari, na ni nyingi:

Ulimi ukitoka damu au ukiwaka ukila pilipili, unakwangua kwa nguvu mno. Kijiko kipite, kisichimbe.

Ukichungulia kwenye kioo utaona vinundu vikubwa vimejipanga nyuma kabisa kama herufi V iliyopinduliwa. Hivyo ni vya kuzaliwa navyo. Kuna watu wamevikwangua mpaka vikavimba wakidhani ni vidonda.

Utando ukirudi kesho yake, usishangae. Usiku mate hupungua na bakteria wanafanya kazi. Wenye ulimi wa nyufanyufa watalazimika kuwa na subira zaidi.

Lakini ukiona mabaka meupe ambayo yakikwanguliwa yanaacha wekundu au damu, achana na kijiko. Hiyo huenda ni fangasi, na mwenye kisukari, mwenye meno ya bandia au anayetumia dawa ya kuvuta ya pumu yuko karibu nayo zaidi. Nenda hospitali.

Hatua ya 4: Katikati ya meno

Uzi, kila usiku. Kile kijiti ulichotolea nyama ya mishikaki kinasukuma mabaki chini ya fizi. Fizi zikitoka damu siku za kwanza, endelea taratibu. Zikiendelea kutoka damu, huenda una ugaga, ule uchafu uliogandia kwenye meno, nao hautoki kwa mswaki wala kwa dawa yoyote ya asili. Lazima usafishwe na mtu wa meno.

Hatua ya 5: Mate

Mdomo mkavu unanuka. Joto la hapa, kazi ya juani, sigara, pombe, kulala mdomo wazi na baadhi ya dawa za presha na za mzio vyote vinakausha. Kunywa maji. Ukiwa umefunga, sukutua bila kumeza.

Hatua ya 6: Vya asili

Msuaki, kile kijiti cha kutafuna, ndio wa kwanza kwangu. Nunua kwa wale wanaopanga nje ya misikiti, chagua unaopinda bila kukatika na wenye harufu kali. Mkavu utakuchoma fizi. Menya ganda kama sentimita moja, tafuna mpaka nyuzi zifunguke, sugua toka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino. Nyuzi zikichakaa, kata, anza upya. Mwarobaini nao unafaa kama uchungu hauukimbii.

Maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua hadi kooni. Yanawafaa hasa wenye vijiwe vya tonsesi, vile vipande vyeupe kama punje ya mchele vinavyotoka ukikohoa na kunuka vibaya ukivibonyeza. Usivichokoe kwa kalamu.

Karafuu moja, tafuna taratibu baada ya chakula. Inafunika harufu na mafuta yake yanadhibiti bakteria kiasi. Mafuta ya karafuu yenyewe usipake fizi, yanaunguza. Iliki inafunika tu.

Kitunguu saumu ni kesi nyingine: harufu yake inaingia kwenye damu na kutokea mapafuni, kwa hiyo mswaki hauigusi. Maziwa yanapunguza, hasa ukiyanywa pamoja na chakula chenyewe.

Limau na mkaa sitaki kuvisikia. Limau linakula ganda la jino, mkaa unalisugua.

Hatua ya 7: Ikigoma

Fuata haya wiki mbili. Harufu isipopungua, anza na kliniki ya meno; wakikuta kinywa kiko sawa, ndipo waangalie pua, tonsesi na kiungulia. Pumzi yenye harufu ya matunda kwa mwenye kisukari, pamoja na kutapika au kuhema haraka, ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Harufu ya mkojo kwenye pumzi, figo zipimwe.

Na mtoto mdogo akinuka ghafla huku makamasi machafu yakimtoka tundu moja tu la pua, usimpigishe mswaki zaidi. Mara nyingi ameingiza kitu humo: punje ya kunde, ushanga, kipande cha sponji. Usichokoe nyumbani, utakisukuma ndani.