Kadi ya TV ya kompyuta: tazama ile 2 ya mwisho

Ukitaka kutazama televisheni ya antena kwenye kompyuta ya nyumbani hapa Kenya, cha kusoma kwanza kwenye boksi la kadi ya TV (kifaa kinachoiwezesha kompyuta kupokea matangazo ya antena) si bei wala rimoti iliyomo, bali ni maandishi DVB-T2, jina la mfumo wa kurusha televisheni ya dijitali kwa antena, na ile 2 ya mwisho ndiyo yenye kazi. Matangazo ya analogi yalizimwa mwaka 2015 na ya dijitali hurushwa kwa mfumo huo wa kizazi cha pili, kwa hiyo kadi ya DVB-T pekee, hata iwe mpya, itatafuta chaneli hadi asilimia 100 kisha ikuletee orodha tupu (yangu ya kwanza ilifanya hivyo, na muuzaji akakataa kuipokea). Kabla ya kulipa, fungua kasha la kompyuta uone nafasi ya kuchomekea kadi iliyo wazi ni ya aina gani, kwa maana kadi ya PCI, aina ya zamani, haiingii kwenye nafasi ya PCI Express, aina mpya zaidi. Ukikosa nafasi, chukua ya USB. Hata hivyo, kadi sahihi haitafungua chaneli za kulipia, ambazo bado zinahitaji king'amuzi cha kampuni husika.