SOMO: Namna ya kuupitisha mstari wa maji wa 2024 kwenye mtaa mzima

Kuna nyumba moja mtaani kwetu, upande wa Ujiji, yenye mstari wa kahawia ukutani, chini kidogo ya dirisha. Maji ya Ziwa Tanganyika ndiyo yaliyouacha, 2024. Mwenye nyumba amekataa kupaka rangi juu yake, na mimi namshukuru kila nipitapo, maana ule mstari ni kipimo ambacho hakuna setilaiti itakayotupa. Somo hili linaeleza jinsi ya kuutoa mstari wa namna hiyo kwenye ukuta mmoja na kuupitisha nyumba kwa nyumba, hadi kila kaya ijue: maji yakirudi pale pale, kwangu yatafika wapi, na watoto nitawatoa kwa njia ipi.

Nafundisha jiografia sekondari. Nimefundisha kontua ubaoni miaka mingi, ile mistari ya ramani inayounganisha mahali penye kimo kimoja, wanafunzi wanazijibu vizuri kwenye mtihani, kisha jioni wanarudi kulala kwenye nyumba ambazo hakuna aliyewahi kuzipima ziko juu au chini kiasi gani. Hilo limeniuma muda mrefu.

Kwanza tulielewe ziwa

Kigoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Ziwa hufika kilele karibu na Mei, mvua zikiwa zinakatika, na hushuka kabisa kuelekea Oktoba na Novemba. Kupanda na kushuka huko kwa mwaka wa kawaida hakufiki mita moja. Tatizo huja miaka ya mvua kubwa ikifuatana, kwa sababu mlango wa kutolea maji ni mmoja tu, mto Lukuga, ng'ambo kule Kongo, na ni mwembamba. Maji yanayoingia kwa mito ya Malagarasi na Ruzizi na vijito chungu nzima hayatoki kwa kasi yaliyoingia nayo. Ndiyo sababu mafuriko ya ziwa hayafanani na ya mto. Ya mto huja usiku na kuondoka asubuhi. Ya ziwa huja taratibu, yakakaa miezi, hata mwaka na zaidi.

Na hili si jambo geni. Wasafiri Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji mwaka 1871, chini ya mwembe, ziwa lilikuwa karibu na mwembe huo. Leo nenda kwenye mnara wa kumbukumbu, utatembea mamia ya mita kufika majini. Wakati ule Lukuga ilikuwa imeziba kwa tope na majani, ziwa likawa linapanda. Mwaka 1878 hivi ikazibuka, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takriban mita 10. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ardhi tunayoiita ya nchi kavu ni ardhi ambayo ziwa lilituachia. Hakuna mwenye mtaa anayetakiwa kusahau hilo.

Hatua ya 1: Kaa na wazee, uulize kwa matukio

Ukimwuliza bibi "maji yalifika hapa mwaka gani?" atakutajia mwaka wowote ili akuridhishe. Mwulize kwa matukio. Mvua za Uhuru, 1961 na 1962, ambazo zilifuatiwa na ziwa kujaa sana 1964. Vita vya Kagera. Elinino ya 1997 na 1998. Wakati wa Corona, 2020, ziwa lilipoanza kupanda tena. Kisha mwombe asimame mahali penyewe akuonyeshe kwa mguu: "Maji yaliishia kwenye mchikichi huu." Hapo umepata kipimo.

Kaa na akina mama peke yao, na wavuvi peke yao. Kwetu wavuvi walituchorea mwalo, mahali pa kufungia mitumbwi na upande ambao mawimbi ya upepo wa kusini hupiga. Akina mama walichora visima, vichochoro, mahali pa kuanikia dagaa, na nyumba za wagonjwa na wazee wasioweza kutembea. Ni mtaa ule ule, lakini ilitoka michoro miwili tofauti kabisa, na yote ilikuwa ya kweli.

Hatua ya 2: Karatasi na simu

Fungueni OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa kila mtu kuitazama na kuiongeza, iliyoanzishwa 2004. Tafuta mtaa wako. Ukikuta nyumba zimechorwa na njia hazipo, usikate tamaa, hiyo ndiyo kazi. Chapisha kipande hicho kwenye karatasi kubwa, mgawane vichochoro, mtembee wawili wawili mkiandika: njia, mtaro, daraja la miti, kisima, choo cha shimo, shule, msikiti, kanisa, zahanati. Kwenye simu, programu ya Organic Maps au OsmAnd hufanya kazi bila intaneti ukishapakua ramani ya mkoa. Mahali penye uwazi simu hukosea mita chache tu. Chini ya mwembe au katikati ya kuta hukosea zaidi, basi simama, subiri dakika moja, ndipo uweke alama.

Dar es Salaam walifanya hivi kwa mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015: wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora pamoja kata zinazofurika, mpaka mitaro. Nasi tunaweza.

Hatua ya 3: Kimo. Hapa ndipo wengi wanapokosea

Simu itakuambia uko mita kadhaa juu ya usawa wa bahari. Usiiamini. Simu ikipima mahali ulipo hukosea kidogo, lakini ikipima kimo inaweza kukosea mita 10 na zaidi. Takwimu za kimo zinazopatikana bure kutoka anga za juu, zile zilizopimwa na chombo cha Marekani Februari 2000, zina nukta moja kila mita 30 hivi na hukosea mita kadhaa. Kwa mlima zinatosha. Kwa ziwa, ambapo nusu mita ndiyo inayotenganisha sebule kavu na sebule yenye samaki, hazitufai. Nimeona ramani nzuri ya rangi, imechapishwa vizuri, inayoonyesha nyumba za juu zimezama na za chini ziko salama. Watu wakiipanga safari yao kwa ramani ile wataumia.

Tumia mpira wa fundi. Ule mwembamba unaoonyesha maji ndani, ambao mafundi ujenzi hupimia usawa wa msingi. Ujaze maji, hakikisha hakuna povu hata moja ndani, kwani povu likibaki kipimo chote ni uongo. Maji kwenye ncha mbili za mpira husimama usawa mmoja daima, hata zikiwa nyumba tatu mbali.

Mmoja ashike ncha ukutani penye mstari wa 2024. Mwingine apeleke ncha ya pili kwenye nyumba ya jirani. Pandisheni au shusheni mpaka maji ya ncha ya kwanza yalingane na mstari. Pale maji yaliposimama kwa jirani ndipo 2024 ilipofika kwake. Wekeni alama kwa chaki, pimeni kutoka sakafuni kwa futi ya fundi, andikeni sentimita. Kisha anzeni tena kutoka kwenye alama mpya.

Ikiwa alama iko chini ya ardhi ya jirani, pimeni hivi: maji ya mpira yamesimama sentimita 130 juu ya ardhi mahali A, na sentimita 90 juu ya ardhi mahali B. Basi B iko juu kuliko A kwa sentimita 40. Hesabu ni ya darasa la nne, na wanafunzi wangu waliipenda kuliko somo lolote la mwaka ule.

Kila mkimaliza mzunguko rudini mlikoanzia. Mkikuta mstari mmerudi nao umepishana kwa sentimita 1 au 2, sawa. Mkikuta 10, kuna povu, rudieni.

Kama mtaa wenu hauna ukuta wenye alama, ziwa lenyewe ni kipimo. Asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, uso wa maji una usawa mmoja ufukwe wote wa mtaa. Pigeni kigingi, andikeni tarehe, anzieni hapo. Tarehe ni lazima, kwa sababu mwezi ujao ziwa halitakuwa pale. Na wekeni alama moja ya kudumu kwenye msingi wa zege wa msikiti au shule, ili kizazi kijacho kisianze upya.

Hatua ya 4: Chora mistari miwili, kisha kaeni mkutano

Mstari wa kwanza ni 2024. Wa pili uko nusu mita juu yake. Vyote vilivyo chini ya mistari hiyo vihesabuni: nyumba, visima, vyoo. Choo cha shimo kilicho chini ya mstari ni hatari kuliko nyumba iliyo chini yake, kwa sababu nyumba humwumiza mwenyewe na choo huumiza wote wanaochota maji. London mwaka 1854 daktari John Snow aliweka alama za waliokufa kwa kipindupindu kwenye ramani, zikajikusanya kuzunguka pampu moja ya maji. Sisi tuna Kagunga ya Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi wamejaa ufukweni, kipindupindu kikaingia. Hatuhitaji kusimuliwa.

Pelekeni ramani kwa mwenyekiti wa mtaa, isomwe hadharani, na mkutano uamue mambo matatu tu: wapi pa kuhamia, njia ipi, nani anambeba nani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi ngazi ya chini. Muhtasari wenu wa mkutano ukiwa na ramani ndani yake, ni vigumu kuwekwa pembeni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kibirizi: Shikamoo mwalimu. Mimi nina kitochi tu, na kikundi chetu hakina kompyuta.

Marahaba. Hatua ya 1, 3 na 4 hazihitaji simu kabisa. Daftari la mistari, futi, mpira, chaki. Ramani ichoreni kwenye shuka jeupe kwa kalamu ya wino mzito. Atakayekuja na simu baadaye atainakili.

Mwanachama, Katubuka: Kwetu maji hayatoki ziwani. Yanakusanyika bondeni, hayaondoki.

Pole sana dada. Bonde lenu ni kama bakuli, kwa hiyo swali lenu si ziwa limefika wapi. Ni ukingo wa bakuli uko chini zaidi upande gani, maana hapo ndipo mtaro unaweza kupita. Tembeeni ukingo wote na mpira mpaka mpapate. Tena pimeni maji yenu na maji ya ziwa kwa alama moja: ziwa likiwa juu, mtaro wa wazi unaweza kuwaletea maji badala ya kuyaondoa. Mkiwa na vipimo hivyo mtazungumza na mhandisi kwa lugha yake.

Mwanachama, Buhigwe: Huku milimani shida ni maporomoko na mmomonyoko. Mpira utafaa?

Kwa mmomonyoko angalieni uoto kwanza. Kigoma tuna mfano mzuri: mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall, ulioanza 1994 katika vijiji vinavyozunguka Gombe. Wanakijiji walikaa na picha za setilaiti, wakatambua mashamba yao na vijito vyao, wakachora mipango ya matumizi ya ardhi, na maeneo wakayaacha msitu uote tena. Anzeni na ofisi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inawapa nafasi hiyo.

Mwanachama, Tabora mjini: Je, moto wa misitu ya miombo?

Setilaiti huona joto la moto na taarifa hutolewa bure ndani ya saa chache kupitia mfumo wa NASA uitwao FIRMS. Nukta moja ni kama mita 375, hivyo itakuonyesha upande, haitakuonyesha shamba la nani. Chora wewe njia za kuzuia moto, mizinga ya nyuki na visima, kisha uweke nukta zile juu yake.

Mwanachama, Ujiji: Nasema wazi mwalimu, naogopa. Nyumba yangu ikionekana iko chini ya mstari, kesho wataniambia nihame, na kiwanja hakitauzika.

Kaka, hofu yako ni ya haki, na kwenye mkutano wetu ilisemwa na watu wengi kuliko wewe. Ukweli ni kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 tayari inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, ramani iwepo isiwepo. Mimi ninachoshikilia ni hiki: kwenye ramani ya wazi tunaweka njia, mitaro, visima na mistari ya maji. Majina ya wenye nyumba, wagonjwa, wajawazito na wasioweza kutembea yako kwenye daftari moja kwa mwenyekiti, hayapigwi picha, hayatumwi kwenye kundi la simu. Na vipimo vya nyumba yako unapewa wewe kwanza, kabla ya mkutano.

Yule yule: Basi njooni mnipimie. Lini?

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya upepo. Tafuta mtu wa kushika ncha ya pili.