Anwani moja, seva mbili: kuweka anwani pepe isiyogombaniwa

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Lamu mjini, na zahanati moja ya mtaa wa Langoni imenikabidhi seva zake mbili. Ziko mbili kwa sababu tunaishi kisiwani. Pawa saplai ikiungua jioni, nyingine itatoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, ivuke kwa boti, ndipo ifike gatini. Mgonjwa aliyesimama mapokezi hawezi kungojea safari hiyo. Kazi lazima ihamie seva ya pili yenyewe, na dada wa mapokezi asiguse chochote kwenye kompyuta yake.

Kinachowezesha hilo ni anwani pepe. Seva ya kwanza ina anwani yake, 192.168.10.11, na ya pili 192.168.10.12. Kuna na ya tatu, 192.168.10.10, ambayo haifungwi na mashine yoyote: iko kwa yule anayefanya kazi saa hiyo. Mapokezi, maabara na dirisha la dawa wanaijua hiyo ya tatu tu.

Programu ninayotumia ni Keepalived, inayofuata utaratibu wa VRRP, yaani wa mashine kupokezana anwani moja. Seva inayoshika anwani hutangaza kila sekunde kwamba iko hai. Ya pili hungoja. Ikikosa matangazo kwa sekunde tatu na sehemu kidogo, inaichukua anwani. Sehemu hiyo hutokana na kipaumbele: toa kipaumbele kwenye 256, gawa kwa 256. Seva ya kipaumbele 100 basi hungoja kama sekunde 3.6. Mtu wa mapokezi ataona ukurasa umekawia kidogo, basi.

Kabla ya kusakinisha chochote, ingia kwenye ruta uitoe anwani pepe katika kundi la anwani ambazo ruta hugawa yenyewe. Usipofanya hivyo, siku moja simu ya mgeni itapewa 192.168.10.10 na zahanati nzima itasimama. Angalia pia umeme: seva mbili zilizochomekwa kwenye betri moja ya akiba zitazimika pamoja.

Sakinisha pande zote mbili kwa `apt install keepalived`, kisha andika `/etc/keepalived/keepalived.conf` kwenye seva ya kwanza:

```
vrrp_script angalia_huduma {
    script "/usr/local/bin/angalia.sh"
    interval 3
    fall 2
    rise 2
    user nobody
}

vrrp_instance ZAHANATI {
    state BACKUP
    nopreempt
    interface eth0
    virtual_router_id 87
    priority 150
    advert_int 1
    unicast_src_ip 192.168.10.11
    unicast_peer {
        192.168.10.12
    }
    virtual_ipaddress {
        192.168.10.10/24
    }
    track_script {
        angalia_huduma
    }
}
```

Kwenye ya pili badilisha kipaumbele kiwe 100, na zile anwani mbili za `unicast` zibadilishane nafasi. Jina `eth0` liandike kama kadi yako inavyoitwa. Amri `ip -br addr` itakuonyesha.

Namba 87 ya `virtual_router_id`, inayoitambulisha jozi hii, nimeichagua makusudi. Mifano mingi utakayokuta imeandikwa 51, na watu huinakili ilivyo. Jozi mbili tofauti zenye namba moja kwenye mtandao mmoja zitavurugana, kwa hiyo chagua yako kati ya 1 na 255.

Kwa kawaida VRRP hutangaza kwa anwani ya kundi, 224.0.0.18. Mimi nimezielekeza seva zizungumze moja kwa moja, kwa sababu swichi za bei nafuu wakati mwingine hazipitishi vizuri matangazo ya kundi. Na tafadhali, unganisha seva hizi kwa kebo. Kuta za nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, nene, na Wi-Fi haipenyi vizuri kutoka chumba hadi chumba. Mawimbi yakikatika kidogo tu, kila seva itadhani mwenzake amekufa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hulipita haraka. Mashine kuwa hai haina maana kwamba huduma iko hai. Seva inaweza kuwaka taa zote, ikatangaza kila sekunde, na huku programu ya wagonjwa imekwama. Bila ukaguzi, anwani itabaki pale pale na watu watabaki wanatazama ukurasa mtupu. Ndiyo kazi ya `angalia.sh`:

```
#!/bin/sh
curl -sf --max-time 2 http://127.0.0.1/afya > /dev/null
```

Huo ukurasa wa `/afya` uufanye uulize hifadhidata swali dogo kabla ya kujibu, maana ukurasa usiogusa hifadhidata utasema salama hata kama hifadhidata imelala. Faili iwe mali ya root, msimamizi mkuu wa mashine, na ipewe ruhusa kwa `chmod 755`.

Utaona sikuweka `weight` kwenye ukaguzi. Mifano mingi huandika, tuseme, `weight -60`, ili kipaumbele kishuke huduma ikifa. Hilo halielewani na `nopreempt`: seva ya pili imeambiwa isimnyang'anye aliye kazini, kwa hiyo itasikia kipaumbele kimeshuka na itanyamaza. Bila `weight`, ukaguzi ukishindwa seva huingia hali ya FAULT (hitilafu), huiachia anwani yenyewe, na mwenzake huichukua. Jua tu kwamba ukaguzi ukishindwa pande zote mbili, hakuna atakayeishika.

Na `nopreempt` naing'ang'ania. Seva iliyoanguka ikirudi, sitaki ipore anwani katikati ya asubuhi foleni ikiwa ndefu, halafu ianguke tena. Ibaki pembeni mpaka niikague. Ili ifanye kazi, lazima `state` iwe BACKUP kote kuwili.

Hatari kubwa kuliko zote ni seva mbili kuishika anwani kwa wakati mmoja. Mara nyingi chanzo ni kanuni za iptables, ukuta wa Linux unaochuja mawasiliano ya mtandao. VRRP si TCP wala UDP, ni itifaki namba 112, na mtu aliyefungua milango ya tovuti tu ameizuia bila kujua. Kwenye seva ya kwanza:

```
iptables -I INPUT -p 112 -s 192.168.10.12 -j ACCEPT
```

na ya pili vivyo hivyo kwa .11. Hifadhi kanuni hizo zisipotee mashine ikiwashwa upya. Kisha nenda kwenye kompyuta ya tatu ya Linux, uandike `arping -I eth0 192.168.10.10`. Majibu yote yatoke kwa anwani moja ya kadi. Zikionekana mbili zikipokezana, acha kila kitu ulichokuwa unafanya ukarekebishe hilo kwanza.

Anwani ikihama, seva mpya hutangazia mtandao kwamba .10 sasa iko kwenye kadi yake. Kuna vifaa visivyosikia tangazo hilo, printa za zamani hasa. Ukiona kimoja kinang'ang'ania seva ya zamani, ongeza `garp_master_refresh 60` ndani ya `vrrp_instance`, na tangazo litarudiwa kila dakika.

Kama nginx yako, programu inayohudumia kurasa, imeandikwa isikilize 192.168.10.10 hasa, haitawaka kwenye seva isiyo na anwani hiyo. Iache isikilize anwani zote, au weka `net.ipv4.ip_nonlocal_bind=1` kwenye sysctl, yaani mipangilio ya kiini cha Linux.

Nakuomba usisahau: anwani ikihama, data haihami nayo. Kunakili hifadhidata kutoka seva moja hadi nyingine ni kazi yake peke yake. Nakala ya pili ikikubali kuandikwa wakati ya kwanza bado inaandikwa, faili la mgonjwa mmoja litagawanyika mara mbili, dawa huku na vipimo kule. Kwa kuhamisha hifadhidata yenyewe, tumia programu za Pacemaker na Corosync, ukiziwekea kura ya tatu na njia ya kuizima kwa nguvu seva iliyopotea. Keepalived peke yake haina hilo.

Majaribio yafanye jioni zahanati ikishafungwa. Fungua `ping 192.168.10.10` kwenye kompyuta ya mapokezi uiache ikimbie. Zima programu ya wagonjwa kwenye seva inayoshika anwani, uone kama imehama. Irudishe, kisha chomoa kebo. Hapo uitazame pini ya kebo kwa tochi: hewa ya chumvi huku huziotesha kutu ya kijani, na kebo inayoshika na kuachia itaihamisha anwani kila baada ya muda bila sababu utakayoiona kwenye faili lolote. Ukiona kijani, kata, pachika kichwa kipya. Mwisho chomoa umeme wenyewe.

Siku ya kusasisha mfumo, anza na seva iliyo pembeni. Ikiwaka salama, nenda kwa iliyo kazini uandike `systemctl stop keepalived`. Hiyo humwarifu mwenzake kabla ya kuondoka, na anwani inahama chini ya sekunde moja. Sasisha, iwashe upya, iache ikae pembeni.